Kicheko na Kimbunga Kisicho na Jina

Jina lake halisi liliandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na huko ndiko lilikobaki. Watu wote, kuanzia mama aliyemzaa mpaka mlinzi wa getini kazini kwake, walimwita Kicheko.

Wala si kwamba alikuwa na furaha kuliko wengine. Akifurahi alicheka, sawa, lakini pia alicheka akiogopa, akiona aibu, akipigwa sindano. Alicheka kwenye msiba wa babu yake, mbele ya wazee wote, mpaka shangazi akamshika sikio na kumtoa nje. Na huko nje ndiko alikolia mpaka kamasi zikamtoka. Mwalimu wa hesabu alimwekea dawati lake peke yake barazani, akawa anamfundisha kupitia dirishani. Mama yake alipochoka akampeleka kwa daktari. Daktari akamtazama ulimi, akamgonga goti, akamuuliza, "Unaumwa wapi, binti?" Kicheko akacheka. Daktari akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka naye mpaka akavua miwani. Wakarudi nyumbani na dawa ya minyoo.

"Huyu," mama akamwambia jirani, "mume wake atakuwa mtu wa subira, au mtu wa pamba masikioni."

Alipokua akawa mtabiri wa hali ya hewa. Sababu ilikuwa puto. Siku moja akiwa shule ya msingi, darasa lao lilipelekwa kuona ofisi ya hali ya hewa, nyumba nyeupe juu ya kilima, jirani na shule ya sekondari. Bustanini kulikuwa na kijumba cha vipimajoto kilichosimama kwa miguu minne kama mbuzi, na vikombe vidogo vikizunguka juu ya nguzo kupima upepo. Mzee mmoja wa pale akatoka nje amekumbatia puto kubwa kuliko yeye mwenyewe, kisanduku kikining'inia chini yake. Akaliachia. Likapaa. Akawaambia watoto kwamba kisanduku kile kitapenya mawingu yote, kikituma habari za joto na upepo, mpaka puto lipasuke huko juu kusikofika ndege. Watoto wenzake wakarudi kwenye basi. Kicheko akabaki ameinua shingo, mdomo wazi, mpaka ile nukta nyeupe ikapotea, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasahau kucheka.

Basi sasa puto lilikuwa lake. Kila asubuhi alilikumbatia kama mtu anayemuaga ndugu, akaliachia, akakimbilia ndani kusoma linasema nini. Halafu aliingia kwenye chumba cha kutangazia, ambacho hapo zamani kilikuwa stoo ya mifagio, akafunga mlango, akavaa visikilizio, na mji mzima ukamsikia redioni. "Habari za asubuhi! Leo kuna mvua ya kuchokoza tu, hi hi, ukifua anika mapema!" Watu walimpenda. Walimu walimwiga. Watoto wachanga, ilisemekana, waliacha kulia wakimsikia. Hakuna aliyejua kwamba siku za mwanzo alicheka vile kwa sababu kipaza sauti kilimtia hofu, na kwamba hofu ile haikuwahi kwisha.

Mtu mmoja tu alijua, naye alikuwa Fundi Bati.

Alikuja kwa sababu paa la ofisi ya hali ya hewa lilivuja. Ndiyo, ofisi inayotabiria watu mvua ilikuwa na ndoo juu ya meza. Mkuu wa kituo aliona aibu, akamwita fundi wa mapaa, mtu mrefu mwenye mikono kama koleo, ambaye watu walimdhania mkimya. Hakuwa mkimya. Alikuwa na misumari mdomoni. Akifanya kazi huko juu alimsikia Kicheko akitangaza chini yake kupitia matundu ya bati, na kabla ya kufunika tundu la mwisho alichungulia, akatema misumari kiganjani, akasema, "Dada, kesho nina paa la ghorofa. Nipande nisipande?"

Kicheko akatazama ramani zake. "Panda. Jua mpaka jioni."

Kesho yake jua likawaka mpaka jioni. Keshokutwa akapiga simu. "Nipande nisipande?" Na mtondo akapiga, na siku zote zilizofuata, mpaka Mkuu akawa simu ya ofisi ikilia asubuhi hainui hata kichwa. "Pokea, paa lako linapiga."

Miaka ikaenda hivyo, maana wote wawili walikuwa watu wazima na hakuna aliyekuwa na haraka, isipokuwa mama yake Kicheko, aliyekuwa na haraka kwa niaba yao. Hadi asubuhi moja Fundi akauliza, "Nipande nisipande?" Akajibiwa, "Panda." Hakukata simu. "Na nyumbani kwenu je? Nije nisije?"

Kicheko akacheka. Akacheka mpaka akashika meza. Fundi akadhani amekataliwa, akakata simu kwa adabu, akapanda paa lake. Ikabidi Kicheko aazime baiskeli ya mlinzi, ateremke kilima, autafute mtaa, aitafute ngazi, apande na viatu vyake vya ofisini, amkute mwanamume amekaa juu ya bati akitazama mbali. "Nilikuwa nakubali!" akapiga kelele. "Ile ilikuwa ndiyo!"

Tangu siku hiyo Fundi Bati akajifunza vicheko vyake kama mtu anavyojifunza sauti za injini. Cha furaha kilipanda juu kama mtu anayekimbia ngazi. Cha aibu kilitokea puani. Na cha hofu, ile kubwa kuliko ya kipaza sauti, kilikuwa na kwikwi katikati.

*

Ukoo ukamwambia Kicheko achague siku ya harusi mwenyewe. Nani mwingine? Wengine huuliza wazee, wao walikuwa na mtaalamu ndani ya nyumba. Akafunua kumbukumbu za mvua za miaka na miaka, akachagua siku kavu kuliko zote. "Hata umande utaomba ruhusa," akaapa. Mama akaagiza turubai kubwa jeupe, likasimamishwa kwenye uwanja ulio nyuma ya ukuta wa bahari, katikati ya mtaa wa chini, mahali ambapo kila dirisha lingeliona. Hilo la madirisha mama hakulisema, lakini ndiyo ilikuwa nia. Alikuwa ameulizwa "Binti yako bado?" na watu wengi mno wa mtaa ule.

Ilipobaki siku moja, kule baharini kulikuwa na kitu. Kilikuwa dhoruba ndogo ya ovyo, bado haijafikia hata hadhi ya kupewa jina. Ilikuwa na namba tu, kama mgonjwa kwenye foleni. Mashine za makao makuu zilisema itapita mbali na kufia huko huko. Picha ya setilaiti ya asubuhi ilionyesha wingu la juu limetandazwa kama shuka juu ya mtu aliyelala, na hakuna aliyejua chini ya shuka kuna nini, maana hakuna meli iliyopita kule, na kwa nini ipite?

"Panda," Kicheko akamwambia Fundi, aliyekuwa akibadilisha mabati ya shule ya sekondari jirani. "Na kesho vaa suti bila wasiwasi."

Kisha akauambia mji mzima hivyo hivyo. Jua leo, jua kesho. "Hi hi! Nani anataka kunyeshewa siku yake?"

Mchana picha nyingine ikaingia. Kicheko alikuwa na kipande cha mkate mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Mkuu. Njoo uone."

Mkuu wa kituo, aliyependa kukaa ofisini bila viatu, akaja na soksi zake. "Picha imeharibika?"

"Natamani."

Shuka lilikuwa limefunuliwa. Pale palipokuwa na wingu la ovyo sasa palikuwa na duara, duara safi kama sahani, likijizungusha. Na katikati kabisa tundu jeusi, dogo, la mviringo.

"Hilo ni jicho," Mkuu akasema polepole. "Asubuhi halikuwa na jicho."

"Asubuhi halikuwa hata na uso."

Bahari ya kule ilikuwa imepata joto, na si juu juu kama chai iliyopoa chini, bali mpaka vina vyake. Dhoruba ikaketi juu yake kama sufuria juu ya jiko, na huko angani hapakuwa na upepo wa kuivuruga. Kile ambacho vimbunga vingine hukifanya kwa siku kadhaa, hiki kilikifanya kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Na sasa kilikuwa kimegeuka, kinaelekea kwao.

Kilikuwa kizuri. Kicheko aliona haya kuliwaza jambo hilo, lakini kilikuwa kizuri kupita kiasi, kitu kikubwa kuliko nchi kadhaa kikizunguka kimya kimya kwenye kioo cha kompyuta yenye vumbi. Kipande cha mkate kikamdondoka mdomoni.

Mkuu alikuwa tayari kwenye simu na makao makuu. "Mnaiona? ... Hapana, siyo ya asubuhi, ya sasa! ... Fungua ya sasa, kijana!" Upande wa pili mtu akasema hebu subiri, hebu subiri, halafu ikasikika sauti ya kiti kikianguka.

"Wamekubali," Mkuu akasema, akifunika simu kwa kiganja. Midomo ilikuwa imempauka. "Nao wameshangaa kama sisi. Kitafika giza likiingia. Nani yuko mtaa wa chini?"

"Wote," Kicheko akasema. "Wote, Mkuu. Na mama yangu, na turubai, na wageni mabasi mawili."

"Nenda redioni. Wahame wote waje shuleni, hapa kilimani. Mimi nashika simu za bandari na polisi." Akamtazama vizuri, akaona mabega yake yameanza kutikisika. "Na tafadhali, mwanangu. Usicheke."

*

Ndani ya stoo ya mifagio kulikuwa na joto. Nyuma ya mlango, kwenye msumari uliokuwa wa fagio, lilining'inia gauni lake la harusi ndani ya mfuko wa nailoni. Fundi cherehani alikuwa amelileta kazini ili dada zake Kicheko wasiliguse kwa mikono yenye mafuta. Kicheko akavaa visikilizio.

"Wasikilizaji!" mtangazaji wa zamu akapiga kelele kutoka studio ya mjini. "Amekuja kabla ya saa yake, Kicheko wetu, bibi harusi wa kesho!" Akampigia na muziki.

"Ndugu wasikilizaji," Kicheko akaanza, "hili ni tangazo la dharura. Kimbunga kikali sana, hi, kinatarajiwa kufika giza likiingia. Wakazi wote wa mtaa wa chini, hi hi, wanatakiwa kuhama sasa hivi na kwenda, hi, shule ya sekon..."

Akauma mkono wa shati lake. Haikusaidia kitu. Kwikwi zikatokea puani.

"Jamani!" Mtangazaji alikuwa hoi. "Bibi harusi ana mchecheto! Simu ziko wazi!"

Zikamiminika. Mwanamke mmoja akasema, "Kicheko umeniweza! Nusura nimwamshe mume wangu, na anavyolala yule!" Mwanamume mmoja akasema, "Dada, huku jua linachoma, hata jani halitikisiki. Hicho kimbunga kiko wapi, mfukoni?"

"Si mzaha," Kicheko akasema. "Nawaomba. Hi. Nawaomba jamani."

"Anawaomba!" Mtangazaji akacheka. "Simu nyingine. Halo, nani mwenzetu?"

"Mimi ndiye mama yake."

Studio nzima ikashangilia. Kicheko akafumba macho.

"Wewe mtoto," mama akasema. "Simu yako unaiacha wapi? Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Wageni wameshuka na mabegi yao, sufuria ziko motoni, wewe unatangaza vimbunga. Dalili ya mvua ni mawingu. Nimetoka nje, nimetazama juu, sijaona hata la kufutia kisahani."

"Mama, si masihara."

"Mbona unacheka?"

"Nacheka kwa sababu naogopa."

"Unaogopa ndoa. Sote tuliogopa. Baba yako alijificha chooni."

Sasa hata Kicheko aliweza kuusikia mji ukicheka, dirisha kwa dirisha, chini ya kilima: mji wote umekaa kwenye jua ukicheka, na nyuma ya mgongo wake kile kitu kinazunguka. Hakuna neno kali alilokuwa nalo ambalo mdomo wake usingelichafua. Akafumbua macho. Mbele yake palikuwa na gauni.

"Mama," akasema. "Lishushe turubai."

"Nini?"

"Turubai lishushwe. Harusi ya kesho haipo."

Muziki ukakatika. Mtangazaji alikuwa ameuzima mwenyewe bila kujua.

"Umegombana na Fundi," mama akasema, kwa sauti ndogo.

"Sijagombana na mtu. Mama, nisikilize. Siku nilichagua mimi. Hi. Nikaapa. Leo asubuhi nimeapa tena, nimemwambia kila mtu jua. Nimekosea, na makao makuu wamekosea, mashine zimekosea, sote tulikuwa tunatazama shuka. Sasa nakuambia mbele ya mji mzima, sina harusi kesho." Machozi yalikuwa yanamtiririka na kwikwi inamrusha kwenye kiti. "Unajua umeingoja kiasi gani. Unajua nimeingoja kiasi gani. Ungekuwa mzaha, mama, hi, ningeufanya kwa harusi ya mtu mwingine."

Watu waliokuwa wanakata vitunguu waliacha kisu hewani.

"Haya," mama akasema. Kisha sauti yake ikasogea mbali na simu, ikawa ile sauti aliyokuwa akiwaitia watoto mtaa mzima zamani, na yote ikasikika redioni. "Nyinyi! Acheni sahani! Ng'oeni vigingi! Nani amesema mnitazame? Mimi nimesema ng'oeni!"

Turubai lile lilionekana kutoka kila dirisha la mtaa wa chini, kama mama alivyotaka. Kwa hiyo kila dirisha likaliona likiyumba upande mmoja, likapiga magoti kama tembo mzee, likalala. Na pembeni yake alionekana mama wa bibi harusi, amevaa nguo yake mpya ya sherehe ambayo alikuwa anaijaribu tu, ameshika nyundo, anapiga kigingi cha mwisho king'oke, kwa hasira ya miaka ishirini.

Hapo ndipo mtaa ulipoamini.

*

Fundi Bati yeye alikuwa ameamini zamani. Alikuwa juu ya paa la shule na redio yake imefungwa kwenye ngazi, na pale kwenye "hi" ya kwanza akainua mkono, wenzake wakaacha kugonga.

"Shukeni," akasema.

"Kwani vipi, Fundi? Shemeji anacheka tu, kama siku zote."

"Hicho si cha siku zote. Kina kwikwi. Shukeni mkalete kamba, na misumari mirefu, yote iliyoko stoo."

Walikuwa wamerudi juu, kila mmoja na kamba begani, wakati harusi ilipovunjwa. Wakamgeukia mkubwa wao. Mmoja akavua kofia. "Pole, Fundi."

Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa. "Pole ya nini? Mji mzima unakuja kulala chini ya paa hili. Gongeni mara mbili."

Wakaja kweli. Ungedhani mtaa wa chini umeambiwa kuna sherehe kilimani. Walikuja na magodoro vichwani, cherehani mgongoni, kuku ndani ya ndoo, televisheni imefungwa kanga kama mtoto. Yule mwanamke wa redioni alikuja akimsukuma mume wake, ambaye bado alikuwa na alama za mto shavuni. Yule mwanamume wa kimbunga cha mfukoni alikuja amebeba bibi kizee asiye wake, aliyekuwa akimpiga kwa kiatu na kudai arudishwe akazime jiko. Sufuria za harusi zilipanda kwa toroli, zikisindikizwa na wageni wa mabasi mawili, na mbele yao wote mama, na nyundo yake.

Kicheko alisimama getini akiwaelekeza madarasa. Upepo wa kwanza ulikuwa umeanza, mdogo, wa kuchezea vumbi. Upande wa baharini mbingu ilikuwa imepata rangi ambayo haina jina.

Fundi akaja kusimama karibu naye. "Umeniacha redioni."

"Nimekuahirisha."

"Mji mzima umesikia kabla yangu."

"Wewe umesikia kabla ya mji mzima."

Akafikiri. "Kweli," akasema, na Kicheko akacheka kile cha kukimbia ngazi, mara moja tu, kisha wakaenda kubeba magodoro.

Kimbunga chenyewe kilikuwa hasa sauti. Giza lilipoingia kilianza kama lori linalopanda kilima, halafu malori, halafu huwezi kusema ni nini tena, ila kwamba kila ukidhani kimefika mwisho wa nguvu zake, kinavuta pumzi na kuongeza. Watu walikaa sakafuni wakala chakula cha harusi isiyokuwepo. Keki ilikuwa imepinda kama kofia ya mlevi, watoto wakaimaliza. Mabati juu yao yalilia, yakanung'unika, yakavuta kamba, na kila yakilia watu wote walimtazama Fundi, na Fundi akatafuna keki yake kama mtu asiye na habari, ingawa Kicheko, aliyekuwa ameshika mkono wake, alijua ulikuwa umelowa jasho.

Halafu, ghafla, kimya.

"Kimekwisha!" mtu akapiga kelele, na watu wakaanza kuinuka.

"Hakuna kutoka!" Kicheko alikuwa mlangoni kabla hajajua ameinuka. "Ni jicho! Tuko ndani ya jicho! Nusu ya pili inakuja, na inakuja kutoka upande mwingine!" Alikuwa anacheka kwa kwikwi waziwazi, na hakuna mtu hata mmoja aliyecheka naye. Wakakaa. Bibi kizee wa kiatu akasema, "Mmemsikia. Kaeni."

Kicheko akageuka akachungulia kwenye upenyo wa mlango. Juu ya uwanja wa shule palikuwa na tundu angani, la mviringo, lenye kuta za mawingu zilizosimama pande zote kama kisima, na ndani ya tundu nyota, safi, zimeoshwa, nyingi kuliko alizowahi kuziona. Akabaki ameinua shingo, mdomo wazi. Hakucheka. Ikawa mara ya pili maishani.

*

Asubuhi ule uwanja wa turubai ulikuwa ziwa, na katikati yake lilielea jokofu la mtu, mlango wazi, linazunguka polepole. Nyumba za karibu na ukuta wa bahari zilikuwa zimebaki misingi tu. Mkuu wa kituo alipita madarasa yote na soksi zake zilizolowa, akiuliza familia moja moja nani hayupo. Hakukosekana mtu. Alikosekana kuku mmoja, naye akapatikana ndani ya ngoma ya bendi ya shule, ametaga.

Lakini mapaa! Mji mzima ulikuwa umevuliwa kofia. Paa la mama lilikutwa juu ya paa la jirani, ambalo nalo lilikuwa limelala juu ya gari la jirani mwingine, na mpaka leo kuna ubishi juu ya bati lipi ni la nani. Fundi Bati akawa mtu anayetafutwa kuliko mtu yeyote. Walimsubiri mlangoni akinawa uso. Walimfuata hadi chooni.

"Nimengoja mkwe miaka yote hii," mama akalalamika, amekaa kitandani chini ya mbingu tupu, mwavuli mkononi. "Nimempata, namgombania na mji mzima." Lakini ni yeye huyo huyo aliyekataa kuezekewa kwanza. "Anza na wenye watoto wachanga. Halafu wazee. Mimi mwishoni. Mimi ni mzazi wa bibi harusi, siwezi kuruka foleni."

Ndivyo harusi ilivyosogezwa, paa baada ya paa. Kila siku alipotoka kazini, Kicheko aliteremka kumsaidia mchumba wake, akampasia misumari, na alipochoka kuishika mkononi aliiweka mdomoni kama yeye. Watu wa mtaa walipita chini wakamtazama kwa mshangao. Ilikuwa njia ya kwanza kuwahi kupatikana ya kumnyamazisha.

Hatimaye ikabaki nyumba ya mama, na kwenye nyumba ya mama likabaki bati moja. Wala hawakungoja. Wageni wakaalikwa hivyo hivyo, wakakaa sebuleni wakiwa wamebanana, na juu ya vichwa vyao mraba mmoja wa anga. Kila aliyeingia alikuwa na mwavuli. Walipoapishwa walitazamana wao kwa wao, na wageni walitazama ule mraba.

Sherehe ilipokwisha, bwana harusi akavua koti la suti, akamkabidhi mama, akasimama chini ya ngazi na bati la mwisho kwapani. Wingu moja lilikuwa linapita. Akamgeukia mkewe, na sebule nzima ikatega sikio, maana kila mtu alikuwa na nguo zake kwenye kamba.

"Nipande nisipande?"

Kicheko akaja akasimama chini ya mraba, gauni amelikunja kwa mkono mmoja. Akatazama juu kwa muda mrefu. Alizijua ramani zote za siku ile. Alikuwa amelirusha puto mwenyewe alfajiri, kabla ya kusukwa nywele.

"Sijui," akasema, na kicheko kikamtoka, kile kinachopanda juu kama mtu anayekimbia ngazi. "Jamani, sijui! Panda tu. Nitashika ngazi."